Nafsi Katika Falsafa ya Kimagharibi na Katika Kiswahili Chetu

Katika maneno yote ya falsafa, hakuna ambalo mwalimu wa Kiswahili hulitamka mara nyingi kuliko neno nafsi. Kila mwaka, afikapo kwenye somo la kitenzi, huandika ubaoni: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu, umoja na wingi. Wanafunzi hukariri ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, na somo likaendelea. Ni nadra kwa mwalimu huyo kuulizwa kwa nini sarufi ililichukua neno hili lenye asili ya Kiarabu, ambalo katika mazungumzo lina maana ya roho, uhai, dhamiri na mtu mwenyewe, ikalipa kazi ya kutaja viambishi sita.

Swali hilo si la mchezo. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambamo falsafa husomwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza hupokea darasani vijana waliokwisha kusikia majina ya Descartes, Locke, Hume na Kant. Wanapotakiwa kuandika insha kwa Kiswahili juu ya mtu na jamii, wengi hukimbilia sentensi moja ambayo imekuwa kama sala: Mzungu husema “mimi”, Mwafrika husema “sisi”. Sentensi hiyo inapendeza masikioni, na huenda ikampatia mwanafunzi alama nzuri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sentensi hiyo haiwatendei haki wanafalsafa wa Magharibi, wala haitutendei haki sisi wenyewe. Na kwamba sehemu ya kosa hilo imo katika namna tunavyolitumia neno nafsi kufunika maneno mengine mengi.

“Mimi” asiye na mahali

Yafaa tuanze na René Descartes, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1596 na kufariki mwaka 1650. Katika kitabu chake cha mwaka 1637 juu ya njia ya kuongoza akili, aliazimu kutilia shaka kila kitu kiwezacho kutiliwa shaka: habari za macho na masikio, hesabu, hata mwili wake mwenyewe. Shaka hiyo ilipokwisha kuteketeza kila kitu, kilibaki kitu kimoja kisichoungua, nacho ni yule anayetia shaka. Kufikiri kwake kulimthibitishia kuwako kwake. Hapo akatoa hitimisho ambalo wanafalsafa wamelibishania tangu siku hizo: kwamba yeye, katika asili yake, ni kitu chenye kufikiri tu, ambacho ili kiwepo hakihitaji mwili wala mahali popote.

Mwalimu wa Kiswahili na asimame hapa. Mara nyingi kauli ya Descartes hutafsiriwa kwa kutumia neno “nipo”. Lakini kila tufundishapo viambishi vya mahali tunasema kwamba -po ni ya mahali panapojulikana, -ko ni ya mahali pasipo dhahiri, na -mo ni ya ndani. Basi mtu aliyedai kwamba hana mahali tunamtafsiri kwa neno linalomweka mahali. Hata tukimbadilishia tukasema “niko”, bado tumemweka mahali, ingawa tumemficha kidogo.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912-1981), ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1956 aliijenga falsafa ya Kibantu juu ya misingi ya sarufi ya Kinyarwanda, aliliona jambo hili mapema. Baadaye, katika makala aliyoyaandika kwa ajili ya UNESCO juu ya dhana ya wakati, alidai kwamba kauli ya Descartes haieleweki kwa Mbantu, kwa kuwa katika lugha zetu kitenzi cha kuwa hakisimami peke yake. Hakina budi kufuatwa na sifa au mahali. Atakayesema “mimi ni” na kunyamaza ataulizwa: u nani? u nini? u wapi?

Hoja ya Kagame ni nzuri, nayo inastahili kusomwa katika kila chuo cha ualimu. Hata hivyo haifai kumezwa nzima. Asemaye “Mungu yupo” haulizwi yupo wapi. Msikilizaji ameelewa kwamba hapa -po imeacha kazi yake ya kuonyesha mahali, imekuwa alama ya kuwako tu. Ndivyo ilivyo pia kwa “kubaho” ya Kinyarwanda na Kirundi, ambayo ina kiambishi cha mahali mwishoni na bado hutumika kwa maana ya kuishi. Lugha hutupa njia ya kuanzia, lakini haitufungi miguu. Tunachoweza kusema kwa haki ni hiki: Kiswahili kinamdai Descartes maelezo ambayo Kifaransa chake hakikumdai. Kinamwuliza jinsi mtu awezavyo kuwapo bila kuwa popote.

Swali hilo, kwa kweli, aliulizwa hata kwao. Mwaka 1643, Elisabeth, binti mfalme wa Bohemia, alimwandikia barua akitaka kujua ni vipi roho isiyo na ukubwa wala uzito iwezavyo kuusukuma mwili. Descartes alijibu zaidi ya mara moja, na Elisabeth hakuridhika. Kwa hiyo si kweli kwamba Wamagharibi wote waliipokea nafsi isiyo na mwili. Mmoja wa wapinzani wake wenye makali alikuwa msomaji wake mwenyewe.

Mwana wa mfalme na mshona viatu

Mwingereza John Locke (1632-1704) aliliacha swali la asili ya roho, akauliza swali la mwanasheria: nini kinachomfanya mtu wa leo awe yule yule wa jana? Katika sura aliyoiongeza mwaka 1694 kwenye toleo la pili la kitabu chake juu ya ufahamu wa binadamu, alitoa mfano unaofaa kusimuliwa katika darasa lolote. Tuseme roho ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zake zote za jumba la kifalme, inaingia katika mwili wa mshona viatu. Majirani watamwona mshona viatu yule yule. Lakini ni nani atakayejibu kwa matendo ya mwana wa mfalme? Locke akasema ni yule mwenye kuyakumbuka kuwa yake. Mtu, kwa maana hii, ni kiumbe anayejitambua na kuyakiri matendo yake ya zamani. Ni jina la mahakama, la mwenye kusifiwa na kuadhibiwa.

Katika Kiswahili, fikra hii yaweza kuelezwa kwa silabi moja. Kati ya “kutambua” na “kujitambua” kuna -ji- tu, na katika -ji- hiyo ndimo ilimo falsafa yote ya Locke. Mtambuaji na mtambuliwa ni mmoja.

Lakini Thomas Reid wa Uskochi, katika kitabu chake cha mwaka 1785, alionyesha ufa. Alituomba tumfikirie mvulana aliyechapwa kwa kuiba matunda shambani; akakua akawa afisa, akateka bendera ya adui; akazeeka akawa jenerali. Afisa anaikumbuka fimbo. Jenerali anaikumbuka bendera, lakini fimbo ameisahau kabisa. Kwa kanuni ya Locke, jenerali ni yule afisa, afisa ni yule mvulana, na bado jenerali si yule mvulana. Jambo hilo haliwezekani. Na kabla ya Reid, mwaka 1736, Askofu Joseph Butler alikwisha kuonya kwamba kumbukumbu haiwezi kuuumba umoja wa mtu, maana ili niseme nakumbuka tendo langu, sharti tendo liwe limekwisha kuwa langu.

Tita la kuni na kamba yake

David Hume, Mskochi mwingine, alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1739 alisema kwamba kila alipojitazama ndani hakuiona nafsi. Aliona joto au baridi, mapenzi au chuki, uchungu au furaha. Kama ni hivyo, basi kile tukiitacho nafsi ni mkusanyiko wa hisi zinazofuatana kwa kasi kubwa.

Tutafute neno letu. Wengine husema “furushi”, lakini furushi lina nguo iliyoyafunga yaliyomo, na nguo hiyo ndiyo hasa Hume aliyoikana. “Tita la kuni” linakaribia zaidi, maana tukitoa kuni moja moja hatubakiwi na tita. Hata hivyo tita nalo lina kamba, na kuni hazijifungi zenyewe. Ni ajabu kwamba ugumu huu wa tafsiri ni ugumu wa Hume mwenyewe. Mwaka 1740, katika nyongeza ya kitabu hicho hicho, alikiri waziwazi kwamba hawezi kueleza ni nini kinachoziunganisha hisi zetu kuwa kitu kimoja. Mwanafalsafa aliyeifungua kamba alikiri kwamba hajui kuni zilisimama vipi pamoja. Ukweli wa namna hiyo ni wa kuheshimiwa.

Baada yake, Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg (1742-1799) aliandika katika daftari zake kwamba Descartes alipaswa kusema tu kuwa kuna kufikiri kunakotendeka, kama Wajerumani wasemavyo juu ya umeme wa mvua bila kumtaja mtenda. Mwalimu wa Kiswahili ana mfano wake tayari: “kumekucha”, “kumepambazuka”. Nani amekucha? Hakuna. Lakini angalia tena: pale ambapo Kijerumani huweka kiwakilishi kisichosimamia kitu chochote, sisi huweka ku-, kiambishi cha mahali. Hata tunapokosa mtenda hatukosi mahali.

Immanuel Kant (1724-1804) alijaribu kuamua ugomvi huo katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1781. Alikubaliana na Hume kwamba nafsi haionekani miongoni mwa vitu vionekanavyo. Lakini akauliza: hisi hizo ni za nani? Uchungu usio wa mtu yeyote si uchungu. Kwa hiyo “mimi” si kitu tukipatacho katika maarifa; ni sharti la kuwapo kwa maarifa yoyote. Mwanafunzi wa sarufi ataelewa upesi akiambiwa atazame kiambishi ni- katika ninaona, ninakumbuka, ninaogopa. Ukikitoa peke yake na kukiweka juu ya meza, hakina maana. Ukikiondoa katika vitenzi hivyo, vitenzi havina mwenyewe. Mfano huu si kamili, kwa kuwa tunavyo vitenzi visivyobeba nafsi, kama vile “kusoma” na “soma!”, lakini unatosha kuonyesha tofauti iliyopo kati ya kitu na sharti.

Nani aliyehesabiwa?

Mpaka hapa tumewasikiliza wanafalsafa hawa kama watu waliokuwa wakizungumza juu ya binadamu wote. Uhakiki wa haki hauwezi kuishia hapo. Locke, aliyetufundisha kwamba mtu ni yule mwenye kujibu kwa matendo yake, alikuwa katika miaka ya 1670 na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Katika makoloni ya Amerika, mtumwa alihesabiwa kuwa mali siku ya kuuzwa, akahesabiwa kuwa mtu siku ya kuadhibiwa. Hume aliandika maelezo mafupi chini ya insha yake juu ya tabia za mataifa, akayatoa mwaka 1753, akidai kwamba watu weusi ni duni kwa asili na kwamba miongoni mwao hakuna elimu wala ustadi. Kant aliirudia hoja hiyo ya Hume katika kitabu cha mwaka 1764.

Na walipokuwa wakiandika hayo, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Anton Wilhelm Amo alizaliwa karibu na Axim, katika nchi tuitayo leo Ghana, mwanzoni mwa karne ya 18. Alipelekwa Ulaya akiwa mtoto, akalelewa katika nyumba ya mtawala wa Wolfenbüttel, akasoma katika chuo kikuu cha Halle, na mwaka 1734 akaitetea tasnifu yake kwa Kilatini mjini Wittenberg. Baadaye akafundisha falsafa Halle na Jena, kisha akarejea kwao Afrika ya Magharibi. Na tasnifu hiyo ilihusu nini? Ilihusu swali letu hili hili. Amo alihoji kwamba roho ya binadamu, ikiwa kweli haina mwili, haiwezi kuhisi. Kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Akamtaja Descartes kwa jina, akamwonyesha kuwa anajipinga asemapo kwamba roho huteseka pamoja na mwili.

Yaani miaka 30 kabla ya Kant kuandika maneno yake, katika nchi hizo hizo za Kijerumani, Mwafrika alikuwa amesimama mbele ya wanazuoni kuipima hoja mashuhuri kuliko zote juu ya nafsi. Tunapofundisha habari hizi bila Amo tunafundisha nusu yake. Na tunapowafundisha wanafunzi kwamba kufikiri juu ya “mimi” ni shughuli ya Wazungu, tunamfukuza Amo kwa mara ya pili.

“Mimi” na “sisi”

Turudi kwenye ile sentensi ya insha. Je, ni kweli kwamba Magharibi haikujua “sisi”? La hasha. Mwaka 1807 Hegel alieleza kwamba kujitambua hakukamiliki mpaka mtu atambuliwe na mwingine, na kwamba bwana anayetaka kutambuliwa na mtumwa aliyemnyima utu anajinyima mwenyewe kile anachokitafuta. Martin Buber, mwaka 1923, aliandika kwamba hakuna “mimi” asiyesimama mbele ya “wewe”. Mmarekani George Herbert Mead, ambaye mawazo yake yalikusanywa katika kitabu mwaka 1934, alifundisha kwamba mtoto huipata nafsi yake kwa kujifunza kujitazama kwa macho ya wenziwe.

Na je, ni kweli kwamba Afrika haikujua “mimi”? John Mbiti, Mkenya aliyekuwa akifundisha Makerere alipotoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, alisisitiza kwamba kuwako kwa mmoja hutegemea kuwako kwa wote. Mnijeria Ifeanyi Menkiti, mwaka 1984, akaongeza kwamba utu ni daraja ambayo jamii humpandisha mtu kwa hatua. Lakini Mghana Kwame Gyekye alijibu kwamba wamezidisha. Mtu huzaliwa akiwa na akili na hiari yake, na jamii haimuumbi mzima. Kumbe mjadala huu umo ndani ya Afrika kama ulivyo ndani ya Ulaya.

Methali zetu zinaushuhudia. Tunasema mtu ni watu. Tunasema vilevile kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Methali ya kwanza yaweza kupelekwa kwa Mead, ya pili kwa Gyekye, na ya tatu ingemfurahisha Descartes. Mwalimu anayeichagua moja na kuzificha nyingine mbili anafundisha wasia wake mwenyewe, wala hafundishi hekima ya Waswahili.

Juu ya hayo, kuna hila ndogo ya msamiati ambayo yapasa tuikamate. Ile nadharia inayomtanguliza mtu mmoja mmoja mbele ya jamii huitwa kwa kawaida “ubinafsi”. Lakini ubinafsi katika Kiswahili ni uchoyo. Ni tabia ya asiyegawa. Basi mwanafunzi anapoulizwa kama ubinafsi ni falsafa nzuri, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya kesi kusikizwa. Descartes anaonekana mchoyo, na Kant mkaidi, ilhali hakuna kati yao aliyekuwa akizungumzia kugawana chakula.

Kazi ya mwalimu

Tufanyeje basi? Kwanza, tuache kuliachia neno nafsi kubeba mzigo wote. Palipo na kitu kinachodaiwa kuwako peke yake, kama kwa Descartes, tuseme roho au dhati. Palipo na mwenye kujibu kwa matendo yake, kama kwa Locke, tuseme mtu. Palipo na kujijua, tuseme kujitambua. Palipo na sharti la maarifa, kama kwa Kant, tuseme “mimi” na tulieleze. Na ile nadharia ya mtu mmoja mmoja tuiite hivyo hivyo kwa urefu wake, mpaka lugha itupatie neno lisilotukana.

Pili, tulipeleke swali hili kwenye fasihi. Asomaye *Kichwamaji* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, hukutana na Kazimoto, msomi aliyekatika na watu wake na ambaye mwisho anajiua. Ni rahisi kusema kwamba kijana huyo ameharibiwa na “mimi” ya Kizungu, na kufunga kitabu. Ni vigumu zaidi, na kuna manufaa zaidi, kuuliza ni “mimi” ipi: ile ya mwenye kufikiri peke yake, ile ya mwenye kumbukumbu asizoweza kuzikana, au ile iliyokosa wa kuitambua. Kila jibu linafungua riwaya nyingine.

Tatu, tuwafundishe wanafunzi wetu kwamba hoja haina kabila. Kagame alimpinga Descartes kwa sarufi, Elisabeth kwa swali, Amo kwa mantiki. Na wote watatu walimsoma kwanza. Mwanafunzi atakayeandika kwa Kiswahili safi kwa nini Hume alishindwa kuipata kamba ya tita lake atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyeandika mara kumi kwamba sisi si kama wao. Na atakapofika tena kwenye ubao ulioandikwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, ataona kwamba sarufi yetu imeziweka zote katika jedwali moja, hakuna iwezayo kuelezwa bila nyingine, na hakuna iliyofutwa ili nyingine ipate nafasi.